Okestra kwenye albamu ya kurudi: fidla za nyumbani, okestra ya mbali, au kompyuta?

Bendi kongwe iliyokaa kimya miaka kumi na tano au ishirini ikiamua kurudi, wazo la okestra huja mapema: nyimbo zile zile zilizopendwa, safari hii zikiwa na fidla na selo (fidla kubwa ya sauti nzito) nyuma ya magita. Wazo si geni. Deep Purple walipanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, pamoja na Royal Philharmonic Orchestra mwezi Septemba 1969. Metallica walirekodi na San Francisco Symphony mwaka 1999, na Scorpions wakatoa albamu na Berlin Philharmonic mwaka 2000. Kwa bendi ya Dar es Salaam, iwe ya roki au ya dansi, njia zilizopo ni tatu: kukusanya wapiga fidla wa hapa na Zanzibar, kulipa okestra ya Ulaya irekodi kwa mbali, au kutengeneza sauti zote za nyuzi kwa kompyuta.

Kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho: bendi nyingi za Dar zitafaidika zaidi na wapiga nyuzi watano au sita wa kweli, wakiongezewa uzito na kompyuta kwa chini. Okestra ya mbali iachiwe nyimbo mbili tatu za polepole. Kompyuta peke yake inatosha pale tu ambapo nyuzi zinapita kwa nyuma na hakuna anayetarajiwa kuzisikiliza. Bei za njia hizi zinatofautiana sana, lakini albamu nyingi za aina hii haziharibiki kwa uhaba wa fedha. Zinaharibikia kwenye nota na kwenye mwendo, kabla mpiga fidla hajafungua kasha.

Yanayotakiwa kwa njia yoyote

Nyimbo za dansi hazitembei kwa namba moja. Mashairi yanaanza taratibu, chemko (sehemu ya kuchezea) likiingia mwendo unapanda, na wimbo unamalizika ukiwa na kasi kuliko ulivyoanza. Hiyo ndiyo raha yake, na kuubana wimbo mzima kwenye kliki (mlio wa kuhesabia mapigo) isiyobadilika ili okestra ipate urahisi ni kuua kile watu walichokikosa miaka yote hiyo. Fanya kinyume. Bendi irekodi msingi wake kwa pamoja, yaani drams, tumba, besi na ridhim, kama ilivyozoea. Kisha fundi aweke alama kwenye pigo la kwanza la kila baa (fungu la mapigo manne), na programu itengeneze kliki inayofuata alama hizo. Wimbo wa dakika 6 wenye mapigo 110 kwa dakika una baa kama 165. Ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye sikio. Mwanzoni ongeza baa 2 za kuhesabia, halafu isikilizwe kliki na bendi pamoja hadi mwisho. Aliyezoea kuruka hatua hii hugundua kosa siku ambayo watu sita wamekaa kwenye viti na saa inahesabiwa.

Alama hizo aziweke mtu anayeijua bendi. Gita la ridhim au tumba likitangulia ngoma, mgeni husikia "moja" mahali pasipo pake, na nota zote zinasogea nusu pigo. Kwenye karatasi hakuna kitakachoonekana kibaya, ila wimbo utasikika kama unachechemea.

La pili ni ufunguo, yaani nota ambayo wimbo umejengwa juu yake. Waimbaji wa bendi kongwe wamezeeka na sauti zimeshuka, kwa hiyo magita hulegezwa nusu hatua. Mpiga gita anashika E, kinachosikika ni E bemoli, nusu hatua chini yake. Mpangaji wa muziki akiandika nota kwa kumtazama mpiga gita vidole, okestra nzima itacheza nusu hatua juu ya bendi. Nota ziandikwe kwa kinachosikika. Tarumbeta na saksafoni huandikiwa nota tofauti na inayosikika: kwenye E bemoli tarumbeta itasoma F na saksafoni ya alto itasoma C, ambazo ni nyepesi. Kwenye E halisi zingesoma F diezi na C diezi (nusu hatua juu ya F na C), na hapo wapulizaji wana haki ya kulalamika.

Tatu, nafasi. Mwaka 2001 bendi ya roki ya Yes ilitoa albamu bila mpiga kinanda, okestra ikakaa kwenye nafasi ile. Hata kama mpiga kinanda wenu yupo, kwenye nyimbo zenye fidla apumzike au acheze kidogo sana. Uzi wa chini kabisa wa fidla ni G ya 196 Hz, na kuanzia hapo kwenda juu ndipo magita ya solo na ridhim yanapoishi. Fidla zikae juu ya sauti ya mwimbaji, au ziingie anaponyamaza. Selo nayo inashuka hadi C ya 65 Hz, sehemu ya besi na ngoma. Ipandishwe ipige kwenye nyuzi zake za juu, la sivyo kwenye spika za daladala vyote viwili vitageuka mngurumo mmoja.

Wanaotaka kuwekea fidla rekodi za zamani, zile zilizorekodiwa enzi za Radio Tanzania, wajue mambo mawili. Nyingi zilirekodiwa bendi nzima kwa pamoja, kwa hiyo ni vigumu kushusha kinanda peke yake. Pia mashine ya utepe ikizunguka kasi au polepole kidogo, sauti hukaa katikati ya nota mbili. Pima kwa tyuna. Ikiwa A yao iko juu au chini ya 440 Hz kwa zaidi ya senti 5 (nusu hatua moja ni senti 100), rekebisha kasi ya rekodi kwanza. Usimwambie mpiga fidla "ifuate tu", kwa sababu atakayeifuata ni mmoja na watano watakuwa kwingine.

Fidla za hapa

Wapigaji wapo kuliko watu wanavyodhani: kwenye vikundi vya taarabu vya Zanzibar kama Culture Musical Club, kwa waliopita chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilichoanzishwa mwaka 2002, chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo, na kwenye makanisa ya Dar. Kwa upande wa tarumbeta hakuna haja ya kutoka nje ya mji kabisa. Matarumbeta ya makanisani na ya harusini yana wapulizaji wenye mapafu, na bendi za polisi na jeshi zina wasoma nota wazuri.

Kikosi kinachotosha ni fidla 4, viola 1 (kubwa kidogo kuliko fidla, na sauti yake ni ya chini) na selo 1. Viola ikikosekana, mstari wake uandikwe upya. Fidla haiwezi kushuka chini ya ile G, na kumwambia mpigaji "jaribu" hakuongezi uzi. Kikosi hicho kikirekodi wimbo mara 3 mfululizo, inasikika kama watu wengi zaidi, lakini si sawa na watu 18. Kosa la mpigaji mmoja linajirudia mara tatu mahali pale pale, na sauti inakuwa nyembamba yenye ukungu. Kila mzunguko wapigaji wabadilishane viti, wa fidla ya kwanza wapige ya pili, na ikiwezekana wabadilishane hata ala. Maiki zirudishwe nyuma nusu meta kwenye mzunguko wa mwisho.

Kuna wapigaji wanaosoma nota na kuna wanaoshika kwa sikio. Wa kundi la pili wapelekewe rekodi ya mstari wao peke yake wiki moja au mbili kabla. Pia ulizeni mapema nani anafunga fidla yake kwa G-D-A-E na nani kwa G-D-G-D ya Kiarabu, kwa maana vidole vyote vinabadilika. Akodioni ikiwepo, hiyo haityuniki. Pimeni A yake kwanza, wengine wote waifuate.

Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine zote. Mpiga fidla wa taarabu amekulia kwenye kucheza mstari mmoja na wenzake na kuupamba, na kwenye kumjibu mwimbaji. Mpe viitikio vya aina hiyo, fidla zote zikiwa kwenye mstari mmoja au zikipishana oktavu moja, na utapata kitu ambacho hakuna okestra ya Ulaya itakayokupa kwa fedha yoyote. Ukimpa mwafaka (nota kadhaa zinazolia pamoja) wa sauti nne zilizonyooka, mapambo yake yatagongana na ya jirani, na utatumia asubuhi nzima ukimwomba asifanye anachokijua vizuri zaidi.

Chumba kinaleta shida kuliko wapigaji. Kile kijumba cha kurekodia sauti, kilichozibwa magodoro pande zote, kinaifanya fidla isikike kama iko kabatini. Fidla inataka dari ya juu. Sebule kubwa au ukumbi wenye mkeka sakafuni unafaa, maiki mbili zikining'inia kama meta 2.5 hadi 3 juu ya wapigaji, na moja ya selo kwa umbali wa sentimeta 70 hivi. Ulizia paa. Chini ya bati, mvua ya masika inafuta siku nzima ya kazi, kwa hiyo Juni hadi Septemba ni salama kuliko Machi hadi Mei. Makanisa makubwa ya karibu na bandari, Azania Front na St. Joseph, yana mwangwi mzuri kwa nyimbo za nota ndefu, lakini chemko litaogelea mle ndani, na honi za meli na magari haziombi ruhusa. Kazi hiyo ni ya usiku.

Kiyoyozi kiwashwe kabla, kizimwe wakati wa kurekodi. Ala ikitoka kwenye joto la nje ikaingia kwenye baridi, sauti yake inahama, na vigingi vya kukazia nyuzi hulegea au kukwama. Makasha yafunguliwe chumbani nusu saa kabla, na kila baada ya dakika 20 watu watyuni upya. Ukitegemea jenereta, iwe mbali, na nyaya za maiki zisiwe sambamba na za umeme. Ule mvumo wa 50 Hz ukiingia kwenye selo hautoki bila kuondoka na utamu wake.

Okestra ya mbali

Miji kama Budapest, Prague, Sofia na Skopje ina okestra zilizozoea kurekodi kwa ajili ya watu walio nchi nyingine. Unakodi kikao, kwa kawaida cha saa 3, unasikiliza kwa intaneti, unapokea mafaili. Kikosi cha watu 24 kwa kawaida kinagawanywa hivi: fidla za kwanza 8, za pili 6, viola 4, selo 4, na dabobesi 2, zile kubwa kuliko zote. Upana wa sauti ya watu hao ndani ya ukumbi uliojengwa kwa kazi hiyo hauigiki. Nyimbo za huzuni na zenye utangulizi mrefu hufaidika sana.

Tatizo ni mdundo. Hawa ni wasoma nota hodari, na watacheza kilichoandikwa. Lakini mkato wa dansi ukiandikwa kwenye 4/4, wao huucheza umenyooka kama gwaride, na kwa kuwa upinde huchelewa kidogo kutoa sauti, kundi kubwa huonekana linaburutwa na ngoma. Dawa ni kuwapa nota ndefu na mipando ya taratibu, mikato yote ibaki kwa magita na tarumbeta za nyumbani. Waliorekodi chemko lote kwa okestra ya mbali mwishowe huishusha hadi haisikiki, na fedha imeshakwenda.

Kikao cha saa 3 kisibebeshwe zaidi ya dakika 15 za muziki, yaani nyimbo 3 za dakika 5. Kinachotumwa ni faili la MIDI (maelekezo ya nota kwa kompyuta) lenye ramani ya mwendo, nota kamili na nota za kila ala kwa PDF, na sauti za WAV za 48 kHz, biti 24: kliki peke yake, bendi bila waimbaji, waimbaji peke yao, na mfano wa okestra uliotengenezwa kwa kompyuta. Mafaili yote yaanzie sifuri ile ile. Kila baa iwe na namba, kwa maana maelewano yote ya siku ile yatakuwa ya "baa ya 47, selo". Programu ya bure ya MuseScore inatosha kuandikia, mradi nota za kila ala zipitiwe: ukurasa ugeuzwe mahali penye mapumziko, si katikati ya mstari.

Siku yenyewe, saa 4 asubuhi ya Budapest wakati wa kiangazi chao ni saa 5 asubuhi Dar. Majira ya baridi ni saa 6 mchana. Kwenye hedifoni akae mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "imepita" au "turudie". Bendi nzima ikikaa na kujadiliana, kila mjadala wa dakika 4 unawalipa watu 24 wakae kimya. Laini ya pili ya intaneti na betri ya akiba viwepo. Mafaili nayo ni mazito: maiki 24 kwa wimbo wa dakika 5 ni kama GB 1 kwa kila mzunguko mmoja, kwa hiyo kubalianeni watume mizunguko iliyochaguliwa tu. Na mkataba useme wazi kwamba malipo ni ya mara moja na haki za rekodi zinabaki kwa bendi.

Kompyuta

Hapa hakuna mengi ya kufafanua. Kompyuta ya RAM ya GB 16 au zaidi, diski ya SSD, maktaba nzuri ya sauti (mkusanyiko wa nota za ala zilizorekodiwa tayari), na mtu anayejua fidla hufanya nini. Maktaba za bure zipo, zikiwemo sauti zinazokuja na MuseScore, na kwa nota ndefu za nyuma zinaridhisha. Zinapoumbuka ni kwenye mstari wa peke yake na kwenye nota zinazounganishwa kwa upinde mmoja. Sauti hizo hutangulizwa na mchelewo mfupi, kwa hiyo mstari mzima uanzishwe mapema, mara nyingi kwa milisekunde kati ya 60 na 200 kutegemea maktaba. Kosa la pili ni kushika mwafaka kwa vidole kama kinanda. Fidla nne haziingii wala kutoka kwa pamoja kiasi hicho. Kila mstari upigwe peke yake, na nguvu yake iongozwe kwa gurudumu la kibodi nota ikiwa inaendelea, maana nota ya upinde isiyobadilika hata sekunde 3 inajitangaza kuwa ya mashine.

Kwa mchanganyiko tuliousema mwanzoni, kompyuta ikae kama desibeli 6 hadi 8 chini ya wapigaji wa kweli, ikatwe sauti za juu kidogo, na mwangwi uwe mmoja kwa wote. Sikio hushika msuguano wa upinde wa wale sita na kuamini kwamba wengine waliobaki nao ni watu. Hapo hata msikilizaji mgumu wa bendi za dansi kama Msondo au Sikinde hatakuuliza maswali.

Haki na jukwaa

Baada ya miaka mingi, baadhi ya watunzi wametangulia mbele ya haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ulinzi wa wimbo huendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na kuupanga upya kwa okestra kunahitaji ridhaa ya warithi. Ipatikane kwa maandishi kabla ya mpangaji kuandika nota ya kwanza, na suala la usajili mlipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema. Nota zenyewe zihifadhiwe nakala mahali pawili. Zile za tamasha la Deep Purple la 1969 zilipotea, na ilibidi ziandikwe upya kwa kusikiliza rekodi ndipo likapigwa tena London mwaka 1999.

Halafu kuna maonyesho, ambako bendi ya Dar hupata riziki kuliko kwenye albamu. Okestra ya Budapest haitakuja ukumbini, na nyuzi za kompyuta zikipigwa kama rekodi ya nyuma zinaifunga bendi kwenye kliki usiku kucha: chemko haliwezi kurefushwa hata kama watu wamepagawa. Wapiga fidla wanne mliorekodi nao wanaweza kusimama jukwaani, kumfuata kiongozi kwa macho na kurudia kiitikio mara sita akitaka. Wawekwe upande wa ridhim, angalau meta 3 kutoka kwenye matoazi, wasikae mbele ya tarumbeta. Kila fidla ivae maiki yake ndogo ya kubana kwenye ala, kwa sababu maiki ya kusimama itaokota matoazi kuliko fidla, na fundi akiipandisha ili fidla isikike ndipo spika zinapoanza kupiga mluzi.